Fundi Cherehani na Ubao wa Mawimbi

"Fundi anapigwa!" Mama Redio aliniambia tukiwa tunaanika nguo. Jirani huyu tulimbatiza jina hilo kwa sababu habari zake hazina kuzima. "Kila alfajiri nasikia puu! puu! Mpaka ukuta wangu unatikisika."

"Anapigwa na nani, naye ni mjane anayeishi peke yake?"

"Ndiyo habari yenyewe hiyo, shoga!"

Roho haikutulia. Nikamweka Kibonge, mwanangu, kiunoni, nikaenda kwa fundi wetu wa cherehani.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu! Ingia, ila usinikanyagie ubao!"

Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani. Katikati ya chumba, juu ya zulia, ulilala ubao wake wa kukatia nguo. Na Fundi, mama mtu mzima, futi ya kupimia bado ipo shingoni, alikuwa kifudifudi juu yake akichapa hewa kwa mikono kama anaogelea. Mara akaruka, puu! Akasimama nusu, akaangukia kapu la vitambaa. Tukacheka mpaka machozi.

Kumbe ni huu mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi! Umeuingia mtaa wetu kama homa. Kinyozi bahari ikichafuka kidogo tu anafunga duka. Nesi anapita na ubao kichwani, viatu vya kazini havijatoka mguuni. Na wote huja kwa Fundi awashonee mifuko ya kubebea mbao zao.

"Nimeshona, nimeshona, mwisho nikajiuliza: kwani miguu hii ni ya kukanyagia cherehani tu?" Kisha akashusha sauti. "Lakini mwenzio kila nikisimama naanguka. Mwalimu wetu, kasichana tu, kaniambia Jumamosi nisiposimama narudi kundi la watoto. Watoto wenyewe wananiita bibi! Uso nitauweka wapi?"

Akajaribu tena. Puu! Akaanguka. Mimi nikawa namtazama. Kila akiinuka, macho yanashuka miguuni, vilevile anavyoinamia sindano siku zote.

Kibonge, aliyeanza kusimama juzijuzi, akaachia sketi yangu. Akabinua makalio, akakunja magoti, akatawanya mikono. Macho yake yalikuwa kwenye kibiringo cha uzi mwekundu juu ya cherehani. Tepe, tepe, tepe, hadi akakinyakua. Hatua zake za kwanza hizo!

"Fundi," nikasema, "wewe unaangalia miguu kama unaangalia sindano. Mwenzio kaangalia uzi."

Fundi akamkazia macho mtoto. Akalala tena juu ya ubao. Nikambeba Kibonge hadi mlangoni, uzi wake mkononi.

"Muangalie huyu!"

Puu! Akasimama. Magoti yalitetemeka, yakatetemeka, yakatulia. Macho hayakumtoka mwanangu. Nilipiga kigelegele hadi Mama Redio akapaza sauti kutoka upande wa pili: "Jamani, leo wanamuua!"

Fundi alishuka taratibu, akajifuta jasho kwa kipande cha kitambaa. Akamshika Kibonge shavu.

"Mwanangu, nakuomba. Jumamosi njoo naye. Usimame pale mchangani, umnyanyue juu nimuone. Na huo uzi wangu, usimnyang'anye."