Siku Binti Mfalme Aliposema Kiswahili Chetu

Sisi tuliokuwa watoto Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kabla kila mtu hajawa na simu, tulikuwa na Jumamosi. Bugari, yaani ugali, na sombe la majani ya muhogo vikishaliwa, mikono bado inanukia mawese, tulikata mabua ya mahindi na kila bua likawa upanga. Tulipigana mpaka miguu ikawa myekundu kwa vumbi, kisha tukakimbilia kibanda cha video cha Papa Riziki. Kuta za udongo, paa la turubai, mabenchi yenye vibanzi vya kuchoma makalio, harufu ya karanga na jasho, na televisheni isiyozidi ukubwa wa beseni la kufulia.

Papa Riziki, mtu mwembamba wa Uvira, kule Kongo, ndiye aliyetutafsiria. Alishika maikrofoni akatia Kiswahili chetu kinywani mwa Wachina, Wahindi na Wamarekani. Kiingereza hakukijua sana. Asichokijua alikitunga, na hakuna aliyemlaumu.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa katuni ya Kijapani iliyotokana na mchezo wa video. Joka linachoma mji, binti mfalme anatoroka na upanga wa baba yake. Mchezo wenyewe hatukuwahi kuuona. Jirani yetu mmoja aliyewahi kuucheza mjini Mbarara alituapia kwamba mtu akifa humo huamka.

"Huku hakuna kuamuka," Papa Riziki alimkatiza. "Mutu akikufa, amekufa."

Watoto wa siku hizi wana majoka elfu kwenye simu na hawakumbuki hata moja. Sisi tulikuwa na moja tu, na tulilijua hadi meno.

Mama alinikataza kwenda. Alikuwa Mprotestanti wa kweli kweli, mwimbaji wa kwaya, na kwake joka ni Shetani, basi. "Ile ni bitu bya mapepo," alisema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jumamosi moja nilitoroka mazoezi ya kwaya ya watoto, nikaenda.

Kibanda kilikuwa kimejaa, lakini Papa Riziki hayupo. Dada yake alikuwa amefika kutoka Kongo, naye ameenda kumpokea Kabazana, kwenye kituo cha wakimbizi wapya. Mke wake akawasha televisheni. Wajapani wakasema Kijapani chao, maneno ya Kiingereza yakapita chini, na watoto wakaanza kupiga miguu chini kwa hasira.

"Nani anajua kusoma ile?" aliuliza.

Shule ilikuwa imenifundisha. Mkono wangu ulipanda kabla sijafikiri.

Maikrofoni ilikuwa nzito, inanuka tumbaku. Nililisemea joka kwa sauti nene, watu wakacheka. Nikawasemea askari, wakashangilia. Tukafika pale binti mfalme anapomwona mama yake akibaki ndani ya moto. Hapo nililia, nikapiga yowe, nikaongeza maneno ambayo hayakuwepo. Nilipogeuza kichwa, mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo.

Hakuingia. Alisimama palepale mpaka picha ikaisha. Nyumbani alinichapa mbili, za kutoroka kwaya, kisha akaketi.

"Yule mutoto," akasema, "hawezi kulia vile."

"Juu ya nini, mama?"

"Mutu mwenye kukimbia hana pumzi ya kulia. Miye niliacha mama yangu kule Fizi, sikupiga kelele. Nilimwambia tu, 'Mama, naenda.' Siku ingine, sema vile."

Hakuwa amewahi kunitajia siku ile. Wala hakuitaja tena.

Jumamosi iliyofuata aliniruhusu. Nilisema alivyosema, pole pole. Tangu hapo Papa Riziki aliniachia sauti zote za wanawake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilisikia kwamba studio moja ya Kamukuzi, Mbarara, inatafuta watu wa kuitia Kiswahili katuni ileile. Nilienda. Nilisema mistari michache tu, mwenye studio akasimamisha mashine.

"Sauti ni nzuri," alisema, "lakini Kiswahili chenu kimevunjika. Nani anasema 'fasi'? Sema 'mahali'. Na hapa mama anapokufa, lia, watu wapende."

Neno "mahali" nalijua. Hapa naandika Kiswahili cha vitabuni kwa sababu nimependa. Nikamwambia, "Huyu binti amekimbia kwao. Mimi nimelelewa na watu waliokimbia. Hivi ndivyo wanavyosema."

"Basi tutatafuta mwingine."

"Tafuteni."

Nikavua visikilizio, nikatoka. Hadi napita Isingiro, njiani kurudi, nilikuwa bado na hasira. Majuto sijayaona mpaka leo.

Katuni tuliitia sauti wenyewe, chumbani kwangu Nakivale, blanketi zimetundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Wanawake watatu wa kwaya walikuja. Joka alilisemea Papa Riziki, na kikohozi cha uzee kilimfaa sana. Sasa inapita simu kwa simu, na "fasi" zake zote ndani.

Lakini Jumamosi zile hazipo tena. Kibanda kilibomoka kwa mvua. Watoto wanatazama kila mmoja peke yake, masikio yameziba, kidole kinarusha mbele sehemu za huzuni. Hawajui raha ya watu sitini kushtuka pamoja. Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na mitatu, aliniambia juzi mbele ya mama yangu, katuni ikiwa wazi kwenye simu yake, "Shangazi, ya Kijapani ndiyo tamu. Ya kwenu inachekesha."

Nilitaka kumjibu. Mama, ambaye hajui kusoma hata herufi moja ya maneno yale ya chini, alinitangulia. Alivuta kiti chake karibu na simu ya yule mtoto.

"Zima ile," alisema. "Weka ya kwetu, na miye nione."