Paneli Zilizosuguliwa kwa Mchanga

Umeme wa jua nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na vifaa vibovu nilivyovifungulia nyumbani Nkuhungu. Kwa kuwa sina cheti, nilijizoeza kupima kila kitu mbele ya mteja na kuandika huku anaona. Niliuita huo uaminifu.

Katika kijiji cha Zuzu niliitwa na mkulima wa zabibu. Pampu yake ya sola ilikuwa inatoa maji kidogo, na majani ya mizabibu yalishaanza kujikunja. Paneli zilikuwa nne, zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye fremu ya chuma: mbili juu, mbili chini. Mama yake alikaa kivulini akipeta mtama. Mkewe, bado msichana, aliniamkia shikamoo na kuniletea maji ya kunywa.

Nilipima moja moja. Za juu zilikuwa nzima. Za chini zilitoa umeme pungufu, na vioo vyake vilikuwa vimefubaa kwa mikwaruzo midogo ya mviringo, kama ya sufuria iliyosuguliwa.

"Nani anasafisha hizi?"

"Mimi," alisema mke. "Kila asubuhi, kwa mchanga na majivu kidogo. Za juu sizifikii."

Nikaeleza taratibu, kama ninavyopenda kueleza: juu ya kioo kuna utando mwembamba unaosaidia mwanga kuingia, na yeye ameukwangua, tena katika mfululizo, paneli dhaifu huzirudisha nyuma zote. Nikamwonyesha mume vipimo kwenye daftari.

Mama mtu alicheka. "Kusugua ndiko alikojaliwa, fundi. Kuzaa, hapana. Mwaka wa nne huu anasugua tu."

Mume aliendelea kutazama daftari. Mke alinisogelea. "Haiwezi kuwa na kitu kingine pia, kaka?"

"Vipimo havidanganyi," nilimjibu. Waya unaokwenda kisimani nilikuwa sijaugusa.

Wiki mbili baadaye nilirudi na paneli mbili mpya. Maji ya kunywa aliniletea mama mtu mwenyewe. Yule binti alikuwa amerudishwa kwao.

Nilifunga paneli, nikawasha pampu. Maji yakatoka kidogo vilevile. Ndipo nikaufuata waya hadi kisimani. Pale mume alikuwa ameunga mwenyewe, kwa kusokota na vidole na kuzungushia tepu. Shaba ilikuwa imeungua, na kiungo kilikuwa cha moto. Nikakikata, nikaunga upya kwa kubana na koleo. Bomba likajaa.

Nilimwendea mama mtu, aliyekuwa amerudi kivulini kupeta mtama. Nikamwambia kosa kubwa lilikuwa kwenye kiungo, la kioo lilikuwa dogo. Mkwe wake aitwe arudi.

"Nani kakwambia aliondoka kwa ajili ya kioo?" alisema, bila kuacha kupeta. "Tulikuwa tunatafuta la kumwambia baba yake. Wewe ukatupatia."

Kisha akauliza kama zile paneli za zamani zinafaa kuezekea banda la kuku. Nikamwambia zinafaa.