Nepi Zisizokamuliwa

Jamani, mmeshawahi kuona nepi safi, kavu, imetoka kambani sasa hivi, ukiichovya kwenye maji ya kunywa inatoa povu?

Mimi nimeiona. Na siku hiyo nilikuwa mfungwa.

Si wa jela. Nilikuwa kwenye arobaini ya uzazi kwa mama mkwe wangu, Bi Sarinem, kijijini kwao, kisiwani Java.

Hutoki nje. Hugusi maji ya kisima. Kila asubuhi ananizungushia tumboni mkanda wa kitambaa wa mita kumi, anavuta mpaka pumzi inagoma. Mume wangu Priyo yuko mbali, ng'ambo ya bahari huko Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi. Nikilia, naulilia ukuta.

Wiki ya pili mwanangu Galih akatoka vipele mapajani. Kisha ngozi ikachubuka. Ukimfunga nepi tu, analia mpaka sauti inakauka.

Na nepi zenyewe zilikuwa ngumu, ukisimamisha moja inasimama!

"Mama, hizi nepi zinamkwaruza mtoto."

"Nepi nimefua mwenyewe. Tatizo maziwa yako. Si ulikula samaki wewe?"

"Kipande kimoja tu, Mama."

"Ndicho hicho kinamtokea mapajani."

Akaweka kopo la maziwa ya dukani mezani. "Kesho anaanza hili. Titi basi."

Nilihisi kufa. Maziwa yananilowesha kifua, halafu mwanangu apewe kopo? Nilitamani kukimbia. Nikimbilie wapi, na mtoto mchanga mkononi?

Sasa, kabla ya kuolewa nilifua mataulo hotelini mjini Solo miaka sita. Taulo likikauka gumu, limebaki na sabuni. Nikachungulia dirishani nione anavyofua.

Anasugua, anasuuza mara moja, anaanika zikichuruzika maji. Hakamui hata moja.

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukikamua nepi ya mtoto mchanga, atajipinda na kujinyoosha usiku na mchana. Hata mimi niliamini, msinicheke.

Ndipo nikachukua nepi moja kavu, nikaichovya kwenye bakuli langu la maji ya kunywa ya uvuguvugu, nikaifinyafinya. Povu hilo, mpaka ukingoni!

"Mama! Njoo uone."

Akaja. Akaangalia bakuli.

"Ni sabuni, Mama. Hukamui, kwa hiyo haitoki. Mtoto akikojoa inamuunguza."

"Sasa unatakaje?"

"Tusuuze mara tatu, kila mara tukamue. Zikikauka tuzifikiche mikononi zilainike."

"Usithubutu, Kinasih!"

Akanishika kifundo cha mkono. Akanikaza, mimi nikadhani ni hasira.

"Siku tatu tu, Mama. Akijipinda hata mara moja, mpe kopo."

Nikaikamua mbele yake. Akageuza uso.

Siku ya kwanza vipele havikuongezeka. Ya pili, ngozi ikaanza kukauka. Ya tatu Galih akanyonya, akalala fofofo, katulia tuli. Nepi zilikuwa laini, unatamani ujifute nazo uso.

Asubuhi iliyofuata Bi Sarinem akaja bila ule mkanda. Akaketi mkekani, nepi mapajani, anaipapasa.

"Kabla ya Priyo nilizaa msichana. Wulan. Nepi zake nilikuwa nakamua. Akajipinda siku mbili, ya tatu akafa. Mama mkwe wangu akasema nimemuua kwa mikono hii."

Nikamsogelea.

"Miaka thelathini na moja sijakamua hata tambara la jikoni. Wewe umekamua, na mtoto analala. Niambie ukweli, mwanangu. Kumbe si mimi?"

"Si wewe, Mama. Haikuwa wewe."

Alilia mpaka nikamlaza mapajani kwangu kama mtoto. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na saba nitoke. Yeye alikuwa ndani miaka yote hiyo, na hakuna aliyemhesabia.

Wenzangu, suuzeni nepi vizuri na mzikamue. Na mkwe wako aking'ang'ania mwiko, usikimbilie kumbishia. Muulize kwanza aliupata kwenye msiba gani.