Muhuri wa Kusubiri Mkurugenzi

Mama Masjala alikuwa ameshawazika, kwa maneno yake mwenyewe, wakurugenzi saba. Si kwamba walikufa. Wengine walistaafu, wengine wakahamishwa, mmoja akaondoka na kikombe cha ofisi. Yeye alibaki pale pale, chumba cha chini cha idara ya ustawi wa watoto na familia, kati ya makabati ya chuma na dirisha moja la nondo, akilinda majalada ya watoto wa jimbo zima. Mumewe, fundi saa, alizoea kumtania: "Mkurugenzi ni wewe, hao wengine ni wageni wako." Naye hakukataa.

Zamani mkurugenzi akiondoka ilikuwa vurugu tupu. Majalada yanapotea, huyu anasaini, yule anafuta. Miaka kumi na moja iliyopita Mama Masjala alichoka na upuuzi huo, akaenda kwa fundi wa mihuri akachongesha wake: SUBIRI MKURUGENZI. Kiti kikiwa wazi, kila jalada linalohitaji saini linapigwa muhuri na kufungiwa kabatini mpaka mwingine ateuliwe. Hakuna kilichopotea tena. Wakubwa walimwandikia barua ya pongezi, akaitia kwenye fremu, na utaratibu ukawa sheria bila mtu kuuandika popote. Alijivunia muhuri ule, acha tu.

Safari hii mkurugenzi aliondolewa ghafla, siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi Mama Masjala akakunja mikono ya gauni, akayapiga muhuri majalada mia mbili na kumi kabla ya chai. Hakufungua hata moja. Afungue ya nini? Kazi yake ilikuwa jalada, si kilichomo.

Ndani ya moja alikuwamo Kidole. Jina hilo alipewa na afisa ustawi, binti mwembamba wa ghorofa ya kwanza, kwa sababu kila alipomtembelea, mtoto yule wa miaka minne alimshika kidole asikiachie. Ombi lilikuwa la kurasa tatu: mtoto anachomwa moto na baba wa kambo, aondolewe nyumbani haraka. Binti alikuwa ameliacha kwenye trei Ijumaa ile ile jioni.

"Mama, lile la Kidole limeshapanda kwa naibu mkurugenzi?" akauliza Jumatano.

"Limepigwa muhuri, mwanangu. Linasubiri kama mengine."

"Lile haliwezi kusubiri. Naibu anaruhusiwa kusaini ya dharura."

"Yasiyo na muhuri, sawa. Lenye muhuri hagusi, unamjua anavyoogopa hata kivuli chake. Nikikufungulia wewe, kesho mtajaa wote hapa mlangoni. Watateua wiki hii, vumilia."

Ukweli usemwe: ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwake. Na muhuri ni wake, angeweza kuukata kwa kalamu na kumpelekea naibu jalada safi. Binti alisimama kidogo, macho yamemjaa maji, kisha akapanda ngazi. Mama Masjala alimwona msumbufu.

Mkurugenzi hakuteuliwa wiki ile, wala iliyofuata. Huko juu walikuwa wakivutana, huyu wa kwetu, yule wa kwao, na ofisini watu wakabishania majina kama wanabishania mpira. Mama Masjala naye alikuwa na mtu wake. Binti alishuka tena mara mbili, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Alisema mtoto amefia hospitali Jumapili, na wametoka kumzika. Alikuwa amekishika kidole chake cha shahada kwa mkono wa pili, na hakujua kama amekishika.

Mkurugenzi mpya aliapishwa siku mbili baadaye, Alhamisi. Mwanamke wa makamo, mchapakazi kweli, hata maua hakuyataka. Alidai majalada yote siku hiyo hiyo. Mama Masjala hakuthubutu kulichomoa la Kidole. Alilipeleka na mengine, kimya. Saa tisa mchana yakaanza kushuka, na la kwanza lilikuwa lile, limeandikwa kwa wino wa kijani: Aondolewe leo. Gari langu litumike.

Hapo ndipo alipolisoma, kurasa zote tatu, amesimama. Kisha akapanda ngazi.

"Gari limeshaondoka?" mkurugenzi akauliza.

"Mtoto ameshazikwa, bosi. Juzi."

Mkurugenzi akavua miwani. Akasema kwa upole, "Pole, mama. Usijilaumu. Nimeambiwa ndio utaratibu wa hapa."

"Utaratibu niliuweka mimi," akasema Mama Masjala.

Akauvua ufunguo shingoni, akauweka mezani juu ya jalada. Mkurugenzi aliutazama, hakuugusa.