Yaya Mado haiko

Bandugu, sikieni yenye ilinipata leo ku kazi.

Ku ordinateur, page ya bagonjwa ba clinique yetu ilikuwa inachelewa kufunguka. Chef akaniambia: « Pima, tujue shida iko wapi. »

Nikauliza base de données, fasi majina yote inachungwaka, mimi mwenyewe: ikajibu mbio. Nikapitisha ku ORM, ile programu inatuandikiaka maulizo ya base: pole pole sana.

Nikaangalia maulizo yake yote. Kwa kila mugonjwa, ilikuwa inatafuta jina ya mwenye alimutunzaka: Yaya Mado, infirmière wetu mwenye tulizika. Kisha maziko, compte yake mu base nilifuta mimi.

Base inajibu: haiko.
Jibu ya « haiko » ORM haishikake mu kichwa, inauliza tena ku mugonjwa mwenye anafuata.
Haiko.
Tena.
Haiko.

Nikarudisha jina yake. Page ikafunguka mara moja.

Sasa base inajibu mara moja tu, na ORM inashika: iko.

Nani kati yenu angeweza kumufuta tena?