Maji ya Mwanangu

Kisima chetu cha hapa Guta, kijiji cha kando ya ziwa, alikichimba marehemu mume wangu Agosti 1979, akakijengea kwa mawe hadi chini. Alipofariki Februari 1985, ukoo wake uliniachia shamba kwa sharti lao la siku zote: mjane habughudhiwi maadamu shamba lake halilali hata msimu mmoja, kiangazi kikiwemo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alianza kuhesabu misimu kabla matanga hayajaondolewa.

Pamba ilikuwa inaoza ghalani kwa kukosa usafiri. Kwa hiyo niligeukia nyanya, na maduka ya mjini Bunda yalipoanza kujaa tena baada ya miaka ya uhaba, nilinunua pampu ya petroli ya kuvuta maji ya kisima, na Jumatatu, 7 Septemba 1987, nikaiwasha kwa mkono wangu. Kiangazi kile shamba langu ndilo pekee lililokuwa la kijani kijijini. Shamba halikulala.

Niliishi na mama mkwe. Maji yetu ya kunywa, ya kisima hichohicho, nilikuwa nikiyachemsha, kwa kuwa nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na mmoja, katika darasa la watu wazima, na somo nililolishika kuliko yote lilikuwa hilo: chemsha maji. Niliwafundisha hilo majirani waliochota kwetu, kwa majivuno.

Kufikia 1995 viganja vya mama mkwe vilikuwa vimejaa sugu ngumu kama punje za mahindi, na kifua chake madoa meusi. Tulidhani ni jembe. Mtaalamu wa maji aliyekuwa akipita vijijini aliviona, akachukua chupa ya maji yetu, na Jumatano, 19 Juni 1996, alirudi na majibu. Maji yalikuwa na aseniki, sumu isiyo na rangi, ladha wala harufu.

"Lakini tunachemsha," nilisema.

"Kuchemsha huua vijidudu, mama. Sumu hii haifi. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki palepale."

Aliendelea kwa upole: kisima cha ndoo kilitoa maji ya juu, ya mvua. Pampu ilivuta mengi kuliko mvua ilivyorudisha, na yaliyokuja kujaza nafasi yalitoka chini, kwenye miamba yenye sumu hiyo. Hakuapa kwamba ndivyo ilivyo kwa visima vyote. Kwa hiki chetu, ndivyo alivyoona.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

"Basi zima mashine, shemeji," alisema akicheka. "Kwani nani kakukataza? Kiangazi hiki upumzike. Mimi nitalima."

Mtaalamu alikusanya chupa zake, akaaga.

Jioni nilimweleza mama mkwe kwamba tutakunywa maji ya ziwani. Alivuta mtungi karibu na goti lake.

"Ya ziwani tulikuwaga tunakunywa kabla mwanangu hajachimba. Yeye kachimba ili nisiende ziwani. Leo unataka nimwambie nini?"

"Mama, maji haya ndiyo yanakuharibu mikono."

"Mikono ni yangu. Maji ni ya mwanangu. Mengine sinywi."

Sikunywa tena maji ya kisima kile, na majirani niliwaonya mmoja mmoja, nikiona haya kwa somo langu. Pampu sikuizima. Ningeizima, shamba lingelala, na yule aliyesimama mlangoni angeingia.

Jumatatu iliyofuata nilisukuma baiskeli hadi ziwani alfajiri, nikarudi na madumu mawili. Nilichuja, nikachemsha, safari hii kwa faida, nikapoza na kuyamimina katika mtungi wake, mimi ambaye sikuwahi kumdanganya tangu aniite mwanawe. Nje pampu ilinguruma.

Mama alikunywa, akanusa kikombe.

"Leo maji ya mwanangu yananuka samaki."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanikabidhi kikombe.

"Ongeza," alisema.