Kimya cha Ubeti wa Tatu

Sifa ni kwa Mungu aliyewapa ndege wa msitu wetu sauti bila kuwadai chochote, akatupa na sisi pumzi ya kumwimbia. Namshukuru pia kwa kunifikisha umri wa kulisimulia jambo hili bila hasira.

Miaka ya tisini nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kimoja cha Kakamega, nikiongoza kwaya ya wanafunzi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na redio ya deki mbili. Kaseti halisi ziliuzwa mjini, ila walionunua walikuwa wachache. Wengi walileta kaseti tupu, naye akawanakilia. Hata kaseti iliyovunjwa vijino ili isirekodiwe tena, aliyaziba matundu yake kwa karatasi ikakubali kurekodiwa. Chumba chetu hakikukosa wageni. Alikuwa mkarimu, nami nilimpenda kwa hilo.

Nilipotunga wimbo wa tamasha la kwaya za vyuo, nilimwomba aturekodi mazoezini ili nisikie makosa yetu.

"Kaseti hii isitoke chumbani mpaka tuuimbe wimbo," nikamwambia.

"Mwana wefu, ndugu yangu, kwani hunijui?"

Siku ya kurekodi, tukiwa katikati ya ubeti wa tatu, jeneza lilipita barabarani likipelekwa nyumbani kuzikwa. Kwetu maiti akipita, kazi husimama. Niliinua mkono, kwaya ikanyamaza. Besi peke yao waliendelea kuvuma chini chini, tusije tukapoteza sauti. Msafara ulipokwisha tukaendelea. Mazoezi yaliyofuata hatukutua tena mahali hapo.

Kwenye tamasha, kwaya ya chuo kingine ilitangulia. Walipofungua vinywa nilisikia wimbo wangu. Nikajiambia labda nyimbo hufanana. Walipofika katikati ya ubeti wa tatu, mwalimu wao aliinua mkono. Kimya. Besi wakavuma.

Msichana mmoja wa soprano yetu akanong'ona, "Hawa wanampisha maiti wa nani?"

Wenzake wakacheka, kisha kicheko kikawakauka.

Waamuzi walikisifu kile kimya, wakasema kina ukomavu. Zamu yetu ilipofika hatukuwa na wimbo mwingine. Tulipopita ubeti wa tatu bila kutua, mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Wameiga, tena hawajui kuiga."

Tuliporudi chuoni, kiongozi wa besi alinijia. "Mwalimu, ulituambia wimbo ni wetu. Uliwapa lini?"

Usemi ule uliniuma kuliko kushindwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenzangu. Hakukana.

"Rafiki yangu wa kule aliomba asikilize tu," alisema. "Ningemnyimaje? Kwani wimbo wa Mungu una hati kama shamba?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Alijishughulisha na kurudisha utepe wa kaseti kwa kalamu, akiuzungusha taratibu. Mwishowe akasema, "Jumapili baada ya ibada nitawaambia mwenyewe. Usiwe na wasiwasi."

Nilimwamini. Jumapili kwaya ilibaki kwenye mabenchi, naye akaja, akasimama mbele yao amevaa shati jeupe.

"Ile kaseti ilichukuliwa," alisema. "Aliyeichukua simjui."

Wote walijua kaseti ile nilikuwa naiweka sandukuni mwangu, chini ya kufuli, kwa hiyo lawama ikabaki kwangu. Ufunguo wa pili alikuwa nao yeye, lakini hilo tulilijua sisi wawili tu. Alikaa bila kunitazama.

Nikasema ukweli, hata habari ya ufunguo. Yeye akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Baadhi waliniamini. Kiongozi wa besi hakuniamini, akaondoka na nusu ya sauti zake, na tangu siku hiyo niliongoza kwaya isiyokuwa na chini.

Nimemsamehe. Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna asubuhi nyingi nililitaja jina lake kwa Mungu na moyo haukutaka kufuata ulimi. Hunitumia salamu, nami humrudishia. Lakini jambo la wimbo hajalitaja hata leo.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie rafiki atakayesimama mbele ya watu na kusema alichokifanya. Ukimkosa, akupe nguvu ya kumwombea mema yule aliyeketi kimya. Amani ikae nyumbani mwako.